Siku Mamand Alipomwitikia Kwale

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya. Mheshimiwa Mulla wa msikiti wetu mkuu. Ndugu Mwenyekiti wa chama cha wapanda milima, pamoja na vijana wako ambao naona wameingia ukumbini na viatu vya mlimani. Mhandisi Rebwar wa kikosi cha kutegua mabomu. Wageni mliotoka Sulaimaniya mkaistahimili barabara yetu. Majirani wa mtaa wa juu na wa mtaa wa chini. Na ninyi akina mama wa safu za nyuma, ambao itifaki imewataja mwisho lakini ndio hasa niliokuja kusema nao: Assalamu alaykum, na Mungu awalipe kwa kuja.

Kwa asiyenijua, mimi ni Bahiya, dada mkubwa wa marehemu Mamand. Nusu ya watu waliomo humu niliwafundisha kusoma, na nusu iliyobaki niliwafundisha wazazi wao, kwa hiyo sitarajii kusikia minong'ono ninapozungumza. Nimeambiwa nina dakika kumi. Mimi nilikuwa mwalimu mkuu, na kengele ya kumaliza kipindi nilikuwa naipiga mwenyewe.

Leo umetimia mwaka tangu tumzike ndugu yangu. Kawaida ya siku kama hii mnaijua: tunasoma Kurani, tunamsifu marehemu mpaka jirani aliyegombana naye anajiuliza kama anayesifiwa ni yuleyule, tunakula wali na nyama, kisha kila mtu anarudi kwake. Yote hayo tutayafanya, na wali uko jikoni. Lakini mimi nimesimama hapa kwa jambo moja, nalo ni nguo nyeusi aliyoivaa wifi yangu Galawezh, mjane wa Mamand, aliyeketi pale safu ya pili akijifanya haoni kwamba namtazama.

Desturi yetu ni kwamba mjane hajivui nyeusi mwenyewe. Watu wa mume ndio wanaompelekea kitambaa cha rangi na kumwambia, basi mwenzetu, imetosha. Watu wa mume waliobaki ni mimi. Eda ilikwisha, nikampelekea kitambaa, akakirudisha. Nawrozi, mwaka wetu mpya, ikaja, mji mzima ukang'aa kwa nguo za sherehe, nikapeleka kingine. Akanipokea mlangoni, akaninywesha chai, akanirudishia kifurushi changu kikiwa hakijafunguliwa. Nilipomuuliza sababu aliniambia, "Dada Bahiya, unataka watu waseme tena?"

Waseme nini? Mnajua wenyewe. Siku ya mazishi, Galawezh alikaa kichwani pa maiti ya mumewe, akasema, "Alhamdulillahi, nimepumzika." Mama mmoja alimsikia. Neno likatoka mlangoni kwa miguu yake. Lilipofika kwenye tanuri la mkate, mtaa wa chini, mjane alikuwa hajatoa chozi. Lilipofika sokoni alikuwa amecheka kaburini. Na huyo anayeitwa mwenye moyo wa jiwe, ambaye zamani alikuwa akivaa nguo nyekundu ya komamanga hata siku ya kufua mazulia, ameapa kuvaa nyeusi mpaka naye abebwe, ili awazibe midomo.

Wahenga wana neno lao kwa jambo hili: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Basi leo nitakifunua kitanda kile mbele yenu, mwone kunguni, halafu nitawauliza kama bado mna la kusema.

Nianze na Mamand mwenyewe, maana wapo vijana humu waliomjua akiwa tayari amechoka. Ndugu yangu alikuwa fundi wa majiko ya mafuta ya taa. Majira ya baridi, duka lake lilijaa majiko ya mji mzima, naye akiwa katikati, mweusi wa masizi, akitukana kila tambi kwa jina lake. Lakini theluji ilipoanza kuyeyuka, ukifika dukani unakuta kufuli. Ukiuliza jirani, anakunyooshea kidole juu, mlimani. Mkuu wa Wilaya mmoja wa zamani, si huyu wetu, aliwahi kuja mwenyewe kuulizia jiko lake, akaambiwa, "Mheshimiwa, subiri majani ya mialoni yapukutike."

Alikuwa akitembea milima hii kama wengine wanavyotembea uani kwao. Alijua chemchemi gani inakauka kwanza, na mwamba upi una asali. Alikuwa mwindaji wa kwale, na kama wawindaji wote wa kwale alifuga mmoja kwenye tundu la mti, wa kuwaita wenzake waje mtegoni. Jina lake Agha, yaani bwana mkubwa. Akifa Agha, aliyefuata alirithi jina na kiburi. Kisha siku moja Tavga, binti wa Mamand, akiwa mdogo wa kufika kiunoni, alitazama sahani ya nyama ya kwale akauliza, "Baba, huyu ndiye aliyeitikia?" Mamand aliweka kijiko chini. Tangu siku ile hakuwinda tena. Agha alibaki wa kuimba tu, na mlimani Mamand alibaki kuzungumza na kwale kwa mdomo wake, wanamwita anaitikia, anawaita wanaitikia, mpaka watu waliopita njia wakamwona punguani.

Sasa mtaniuliza, mwanamume anayekimbilia mlimani kila akipata nafasi, tunamwitaje mtu wa familia? Ndugu zangu, wapo wanaume wanaoshinda nyumbani siku nzima na hawapo. Mamand alikwenda mlimani na nyumba yake mgongoni. Ijumaa alikuwa akiwabeba wote, mke, watoto, birika, zulia, sufuria ya dolma ya majani ya mzabibu, na mimi juu ya hayo yote, pamoja na magoti yangu mabovu. Watoto aliwapa majina ya alikotembea: wa kwanza Zimnako, ule mlima, wa pili Tavga, maporomoko ya maji. Mimba ya tatu ilipoharibika na Galawezh akawa amelala hataki kusema na mtu, Mamand alikaa chini karibu naye akamwambia, "Mama Zimnako, usilie. Milima iliyobaki ilikuwa na majina mabaya." Galawezh aliniambia alimtupia mto, na hapo ndipo alipoanza kupona.

Wengine waliwaletea wake zao dhahabu. Yeye alileta rewasi, mafungu ya mashina machachu ya mlimani yenye udongo bado, akiyaweka mapajani mwa mkewe kama mtu aliyeleta mahari. Na hakulala mlimani hata mara moja. Hata awe mbali namna gani, chai ya jioni ilimkuta kwake. Wenzake walimtania: "We Mamand, mkeo amekufunga kamba?" Naye alijibu, "Ndiyo, na mwisho mwingine wa kamba uko kwenye birika."

Halafu akaanza kusahau.

Mwanzoni tulicheka naye. Alirudisha majiko kwa watu wasiohusika, na mtaa mzima ukapikiana kwenye majiko ya wenzao majira yote ya baridi. Alimwita Zimnako kwa jina la baba yetu, na Zimnako, mtoto wa watu, akawa anaitika. Baadaye hatukucheka. Alikuwa akinyanyuka katikati ya chakula, anavaa koti, anasema, "Jamani nimechelewa, nyumbani wananingoja." Galawezh anamwambia, "Hapa ndipo nyumbani." Anamtazama kwa adabu, kama mgeni anayekataa kuongezewa wali, anasema, "Mungu akubariki dada, lakini mimi nina mke."

Mnaelewa alitaka kwenda wapi. Sisi ni watu wa Darawan, kijiji cha nyuma ya ule mgongo wa mlima, kilichobomolewa mwaka ule askari wa serikali walipokuja na malori, nyumba, msikiti, chemchemi. Na waliokibomoa walipanda kitu kwenye mashamba yetu kabla ya kuondoka, kitu ambacho Mhandisi Rebwar na vijana wake wanakivuna mpaka leo. Mbuzi wetu walikufa kule. Watu wetu walipoteza miguu kule. Mawe mekundu yako kule, na kila mtoto wa mji huu anajua kwamba jiwe lililopakwa nyekundu ndio mwisho wa dunia. Mamand alikuwa amelisahau hilo pamoja na mengine. Alichobaki nacho ni njia.

Basi Galawezh akawa askari wa mlango. Aliacha kwenda harusini. Msiba wa dada yake mwenyewe alikaa kidogo akarudi, mkamsema kwa hilo pia. Alimfuata Mamand sokoni, msikitini mpaka uzio wa wanaume, kwa kinyozi, akiwa na hofu moja tu, kwamba mume wake, aliyerudi kila jioni ya maisha yake, siku moja hatarudi, na kwamba atakachopewa ni kiatu. Sizungumzi kwa mafumbo. Kiatu ndicho walichopewa wengine.

Siku yenyewe ilikuwa Ijumaa ya majira ya rewasi. Wageni walikuja, Galawezh akageuka kumimina chai. Alipogeuka tena, kiti kilikuwa kitupu na mlango wa uani uko wazi.

Vijana wa chama cha milima, nawashukuru, mlitoka wote. Mkakimbilia Chemchemi ya Buluu, kwa sababu huko ndiko alikozoea kwenda Ijumaa. Mkapekua kila kichaka. Mimi nilikuwa jikoni na Galawezh. Alikuwa hapigi kelele, alikuwa anafungua makabati. Nikamwambia, "Wifi, unatafuta nini, hamo kabatini!" Akasema, "Amechukua mikate. Na sukari." Akasimama. "Dada Bahiya, mtu anayekwenda matembezini habebi sukari. Huyu anapeleka nyumbani. Amekwenda Darawan."

Sikumbuki nilivyotoka jikoni, lakini nakumbuka nikiwa ndani ya gari la Zimnako, nimeshikilia mlango, na Zimnako akiendesha huku anasema peke yake, "Baba, simama ulipo. Baba, nakuomba, simama tu ulipo."

Tulipofika chini ya kijiji, pamoja na Mhandisi na vijana tuliowaita njiani, jua lilikuwa limeanza kushuka. Tavga alikuwa na darubini ya baba yake, akamwona: kofia yake, nyuma ya ukuta wa nyumba yetu ya zamani, kule juu. Hai. Kati yetu na yeye kulikuwa na mashamba ya ngazi ya babu zetu, nyasi hadi magotini, na mawe mekundu. Zimnako alitaka kukimbia. Mhandisi Rebwar alimkamata shati. "Kaka, huendi. Nikikuachia, jioni hii mama yako anazika wawili."

Basi tukafanya lile ambalo kila mtu angelifanya. Vijana walikuwa na kipaza sauti cha mkono. Wakamwita. "Mamand! Mamand mwana wa Rasul! Tumekuona! Toka nje, shuka chini!"

Mnacheka? Hamcheki. Wenye umri wangu hawacheki, wanajua tulichofanya. Tavga, jicho kwenye darubini, akasema, "Anarudi nyuma. Jamani, anapanda juu. Anajificha." Wakaita kwa nguvu zaidi. Naye akazidi kurudi, ameinama, kuelekea kwenye mawe mekundu ya upande wa pili. Kila tulipomwita kwa mapenzi, tulikuwa tunamsukuma.

Galawezh ndiye aliyeelewa. Alimvamia kijana mwenye kipaza sauti, akakinyakua, akakitupa kwenye nyasi. "Zimeni hicho kitu! Nani aliyewahi kuwaita watu wa kijiji hiki kwa sauti ya bati akawa anawatakia mema? Anasikia askari! Mnamwita kwa jina la baba yake, atoke, ashuke! Ndivyo walivyosema! Ndivyo walivyosema neno kwa neno!"

Mimi nilikuwepo Darawan walipotuita mara ya kwanza, na nilikuwa nimesahau. Yeye aliyesahau kila kitu ndiye aliyekumbuka.

Mhandisi akauliza kwa upole, "Mama, tufanye nini basi?" Galawezh alimgeukia Zimnako. Kisha akasema, "Nileteeni Agha."

Zimnako alirudi mjini mbiombio akaja na tundu mapajani, ndege amepandwa na hasira. Galawezh aliliweka juu ya jiwe, akalifunika kwa mtandio wake, akalifunua ghafla, kama alivyomwona mumewe akifanya. Na ndege yule, aliyetuamsha kila alfajiri tulipotaka kulala, akakaa kimya. Akajichokoa bawa. Galawezh akamfunika, akamfunua. Kimya. Hapo ndipo nilipomsikia mwanamke huyu mstaarabu, binti wa mcha Mungu, akipiga magoti mbele ya tundu akisema, "Imba, mlafi wewe. Nimekulisha karanga kwa mkono wangu. Imba au nakutia kwenye wali."

Akaimba. Mnajua sauti ile, inapanda kama mtu anayepiga jiwe juu ya jiwe. Ikaenda mpaka kwenye mwamba, ikarudi. Tukangoja. Na kule juu, kwale akaitikia.

Mmoja wa vijana akanung'unika, "Ah, ni kwale tu." Nikampiga kofi la bega. Ndugu yangu alikuwa na pengo la jino la mbele tangu utotoni, nami ndiye niliyemtoa jino lile, na kwale wake siku zote alikuwa na kifilimbi mwishoni. Nikamwambia Galawezh, "Ni yeye." Akasema, "Najua ni yeye. Kaa kimya, utamtisha."

Hapa kwetu kwale ana jina baya. Tunasema ni msaliti, ndege pekee anayewaita ndugu zake waje wafe. Siku hiyo Agha aliita, na Mamand akaja. Alishuka kama mwindaji anavyoshuka, hakukanyaga nyasi. Mwindaji wa kwale hakanyagi nyasi kavu, zitamchongea. Anatembea juu ya mawe. Alitembea juu ya kuta za ngazi za mashamba, zile zile walizojenga babu zetu, ukuta baada ya ukuta, mikono imetanuka, kitita cha rewasi kwapani na mikate imefungwa kiunoni. Kushoto kwake jiwe jekundu. Kulia kwake jiwe jekundu. Akisimama, Agha anaita. Akiitikia, anapiga hatua. Mhandisi Rebwar, wewe ni mtu wa sayansi, lakini nilikuona ukisoma dua. Zimnako alikuwa ameuma mkono wake mwenyewe, kovu analo.

Alipokanyaga ukuta wa mwisho na kuruka kwenye njia iliyosafishwa, watu wazima walikaa chini pale pale walipokuwa wamesimama. Hakuna aliyepiga kelele. Tulikuwa tumejifunza.

Mamand alimtazama Agha, akafurahi. Kisha akamtazama mke wake wa miaka yote hiyo, akamwinamia kwa heshima. "Dada, samahani. Hujamwona mke wangu? Nimemletea sukari, nimekuta nyumba haina paa. Nina wasiwasi sana."

Ninyi mnaosema ana moyo wa jiwe, sikilizeni alivyojibu. Hakulia. Angelia, angemtisha. Hakumwambia, "Mimi ndiye." Alitabasamu tu, akampangusa udongo begani, akasema, "Nimemwona. Hajambo. Wamehamia upande huu wa mlima. Amenituma nikuchukue, anasema chai inapoa."

"Amekasirika?"

"Kidogo."

"Basi twende haraka," akasema ndugu yangu, "maana huyo akikasirika, mimi siwezi kula." Akapanda garini mwenyewe, akampa Galawezh ile rewasi ashike, akimsihi asiile yote, ni ya mtu.

Baada ya siku hiyo Mungu alimwachia majira mawili ya baridi. Galawezh alimlisha, akamwosha, akamwimbishia kwale, akamsikiliza kila jioni akimsifia mke wake kwa mwanamke asiyemjua. Mimi nilimuuliza, "Haikuumi?" Akasema, "Dada Bahiya, wangapi wanabahatika kusikia wanayosemwa nyuma ya migongo yao, na yakawa mazuri?"

Alikufa asubuhi, kitandani mwake, jua likiwa dirishani na watoto wote wawili chumbani. Alifungua macho akauliza, "Tumefika?" Galawezh akasema, "Tumefika." Akafumba. Majirani walipoingia, hapo ndipo Galawezh aliposema lile neno mlilolibeba mpaka sokoni. Alhamdulillahi, nimepumzika. Alikuwa ameshika pumzi kwa miaka, ndugu zangu, akingoja kiatu, na hakikuletwa kiatu. Aliletewa mtu mzima, akazeeka mikononi mwake, akafa mzima. Mlitaka aseme nini?

Sasa niseme la mwisho, na hili silisemi kila siku. Mimi pia nimevaa nyeusi. Mmeizoea hata hamuioni tena, mnadhani ndiyo rangi ya walimu. Mwaka ule magari yalipokuja Darawan, mume wangu Aziz alipandishwa kwenye lori. Alinigeukia akaniambia niangalie mkate kwenye tanuri, usiungue. Nikaenda kuangalia mkate. Niliporudi, lori limekwenda. Sijui walimpeleka jangwa gani. Sijui kaburi, sijui siku. Mpaka leo gari likisimama nje jioni, mkono wangu unaacha kile unachofanya. Na humu ukumbini siko peke yangu, nawaona, najua kila mmoja wenu anamngoja nani.

Mimi sijawahi kusema, "Nimepumzika." Ningetoa macho yangu yote mawili ili nilitamke neno hilo mara moja. Kwa hiyo nilipomsikia wifi yangu analisema, sikukasirika kwa niaba ya ndugu yangu. Nilifurahi kwamba katika ukoo wetu amepatikana mwanamke mmoja wa kulisema.

Galawezh, simama. Tavga, mshike mama yako. Anajifanya magoti yanamuuma, magoti ni yangu. Kitambaa hiki cha kijani nimekichagua mwenyewe, na kinametameta kupita kiasi kwa umri wako, nimefanya makusudi. Mbele ya Mulla, mbele ya Mkuu wa Wilaya, mbele ya mtaa wa juu na wa chini, watu wa mume wanakuambia imetosha.

Anasema nini? Tavga, sema kwa sauti, nusu ya ukumbi ni viziwi. Anasema, "Na wewe, dada? Nivue peke yangu?"

Wifi yangu, mimi mtu wangu hajafika. Siwezi kufunga mlango. Wako alifika, ukamvua viatu kwa mikono yako. Vua.

Haya. Haya, Mungu akuhifadhi. Akina mama, mmebandikwa vitini? Pigeni vigelegele, Mulla atatusamehe. Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, waheshimiwa wote, majirani zangu, nawashukuru kwa kuniazima masikio yenu. Mwenye neno juu ya mwanamke huyu aje aniambie mimi, sasa hivi, nimesimama hapa. Nangoja.

Hakuna. Basi asanteni, twendeni tukale.